Chai ya Mgonjwa

Mjukuu wangu Furaha,

Barua yako imefika. Shangazi yako aliisoma kabla yangu, kwa hiyo Bukavu nzima inakusalimia. Magoti yangu yanalalamika. Mimi mwenyewe sijambo.

Wewe unayesomea uuguzi unauliza kama mgonjwa anaweza kutibiwa nyumbani sawa na hospitalini. Sikusoma udaktari, ila niliangalia sana.

Wakati wa Zaïre, mama yangu alishikwa na malaria kali. Hospitalini wagonjwa walilala wawili kitanda kimoja, basi muuguzi, Maman Yvonne, akamtibu kwetu. Chupa ya serum, maji ya mshipani yenye kinini, aliitundika kwenye msumari wa picha ya harusi. Lakini kila alipoingia, mama aliinuka, sindano mkononi, aende kumpikia chai. Mara mbili sindano iling'oka.

"Maman, lala! Utakufa!" nikamwambia.

"Mugeni aingie kwangu, atoke kinywa kikavu? Afazali nikufe."

Tulibishana naye bure. Mwishowe nikaweka birika na kikombe kando ya kitanda. Mama akamimina kwa mkono wa kulia, amelala, huku wa kushoto ukipokea dawa. Maman Yvonne akanywa vikombe viwili, akasifu. Serum ikaisha hadi tone la mwisho. Ikawa hivyo siku nne, homa ikaondoka.

Siku ya mwisho nilimsindikiza muuguzi. Mlangoni akaninong'oneza, akiniita raia kama ilivyokuwa desturi wakati ule: "Citoyen, mama amepona. Lakini mimi chai inaniumizaka tumbo."

Wewe utakayeingia nyumba za watu, mwanangu, beba na dawa ya tumbo lako.

Babu yako, na birika ni lilelile.