Usingizi wa Saa Nane Mchana

Chumba cha Cherehani,
Nyuma ya Duka la Vifungo,
Jumapili, tarehe 9 Machi.

Mpendwa mdogo wangu, kitinda mimba wetu,

Hujambo huko uliko? Na kile kiuno, bado kinakusumbua ukisimama muda mrefu? Sisi tunapumua. Shemeji yako hajambo, ila kipara kimemaliza kichwa na sasa kinatafuta pa kwenda.

Kwa heshima na taadhima, naomba nikutangazie wewe na majirani zako wote kwamba Jumanne iliyopita, saa nane mchana, dada yako alilala. Sikuzimia. Sikuanguka. Nililala kwa hiari yangu, jua likiniona.

Kisa ni presha. Muuguzi wa zahanati, binti ambaye ningeweza kumzaa, alinipima mara mbili akidhani kipimo kimeharibika. Akaniuliza, "Mama, unapumzika saa ngapi?" Nikamjibu, "Nitapumzika nikifa." Akasema bila hata kuinua macho, "Basi foleni yako inasogea." Akaniandikia vidonge, pamoja na kulala saa nzima kila mchana.

Vidonge nilimeza. Kulala ndiko kulikonishinda. Nilivuta pazia, nikajinyoosha sakafuni, kisigino juu ya pedali ya cherehani ya umeme. Nikawa nabonyeza kidogo kidogo, ili shemeji yako anayeuza vifungo kule mbele asikie trrr, trrr, ajue mkewe yuko kazini. Chini ya sindano nilikuwa nimeacha joho la mwalimu mkuu. Usingizi ulinichukua, kisigino kikabaki zamu.

Mama wa watu alikuja kujaribu joho lake. Mkono ukaingia hadi kiwiko, ukagoma. "Fundi, mkono wangu unatokea wapi?" Nikamwambia ndio mtindo wa siku hizi. Shemeji yako, aliyekuwa anachungulia, alicheka mpaka akakaa chini. Mteja alipoondoka akaniuliza, "Mama watoto, kwani nani amekukataza kulala?" Nikatafuta mtu wa kumtaja, nikakosa. Miaka ishirini na mitano nimemkimbia askari ambaye hayupo.

Binti yangu mkubwa anakusalimu, ana mimba ya miezi sita na miguu imemvimba. Mama mkwe naye anakusalimu sana, kila wiki ananiuliza utakuja lini.

Nilikusudia kutia sahihi hapa. Lakini hilo swali la mama mkwe limenizuia, maana jibu lake ninalo mimi.

Watu wote hapa wanajua kwamba mwaka juzi uliondoka kwangu kwa sababu uliitwa kazini. Ni mimi niliyewaambia hivyo, na wewe hukunikanusha hata mara moja. Barua tu ndizo zilizokoma.

Ulikuwa umemuuguza mama yetu miaka mitatu, kumgeuza, kumwogesha, kumlisha, hadi tukamzika. Mimi nilikuwa natuma salamu. Ukaja kwangu na mfuko mmoja, ukaomba tu mahali pa kulaza ubavu. Siku tatu nilivumilia kukuona umelala mchana. Ya nne nilibeba masufuria, tena yalikuwa safi, nikakaa mlangoni pako nikayasugua kwa nguvu zangu zote. Jirani aliposimama kunisalimia nikamwambia kwa sauti, nikijua unasikia, "Huyu wetu alizaliwa amechoka."

Ukatoka. Ulinawa uso, ukachukua ufagio, ukafagia ua niliokuwa nimeshaufagia mimi. Kesho yake alfajiri nilikuta kitanda kimetandikwa na wewe hupo.

Hukuwa mvivu, mdogo wangu. Nilikuonea wivu. Ulichoka, ukalala, wala hukumwomba mtu radhi, na mimi sikujua kama mwanamke anaweza kufanya hivyo. Nisamehe. Sina namna ya kulipamba.

Chumba kile ulicholala nimekitia komeo kwa ndani, ujifungie mwenyewe. Kama utakuja, njoo ulale mpaka uchoke kulala, na mwenye masufuria utanikuta nimeyaweka chini.

Mola akupe afya na usingizi usio na hatia. Kama barua hii itakukuta umelala, natumaini hakuna atakayekuamsha.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda na kukuonea haya.