Kwa Nini Anamwita Mwanao Mbwa

Mjukuu wangu Zaina,

Salamu nyingi kutoka Kigali. Sisi wazima, ila mvua imetufungia ndani wiki hii. Babu yako Jalala, mdogo wangu, bado anashona pale sokoni Kimironko, anakusalimu.

Unalalamika kwamba mama mkwe wako huko Uchina hataki kumwita mwanao Ming, jina la cheti lenye maana ya mwanga. Anamwita Kau. Mumeo anasema kwa Kichina cha shuleni herufi hiyo husomwa Gou, lakini vyovyote utakavyoisoma, ni mbwa. Unaniuliza, umkataze?

Nilikuwa msichana mdogo, tunakaa Gikondo, mama alipomzaa Jalala. Wawili waliomtangulia hawakuishi. Siku ya kumpa jina, mama alimlaza juu ya jalala nyuma ya nyumba. Jirani akamwokota, akamrudishia: "Shika takataka yako."

Nikapiga kelele: "Mama, mtoto mzuri hivi!"

Mama akaniziba mdomo. Mkono wake ulikuwa baridi, unatetemeka. "Nyamaza," akaninong'oneza. "Kifo kinasikia."

Mpaka leo sijausahau mkono ule. Mtazame mama mkwe wako anapomwita mtoto, huenda ukauona.

Umesema homa ya mtoto imerudi. Tangu nisikie, chakula hakipiti. Picha yake nimeiona, nimeitazama sana. Mtoto mbaya huyo, Zaina. Mbaya kabisa. Sijapata kuona mbaya kama yeye.

Bibi yako