Kadi Yako Imenishinda, Seif

Seif,

Salamu yako nilikupa Ijumaa makaburini, pamoja na wote waliolala hapo, kwa hiyo hapa sina salamu. Nimekuja kugombana nawe. Miezi minane nimejizuia kwa sababu watu wanasema marehemu asisumbuliwe. Lakini wewe marehemu ndiye unayetusumbua, na kisa ni zile kadi zako.

Nani alikutuma? Wenzako walikwenda kusoma Marekani wakarudi na shahada, wengine wakarudi na mke. Wewe ulirudi na gongo la kupigia mpira, glavu mbili na besiboli, mchezo ambao hapa mtaani kwetu Ghubra hakuna aliyeuomba. Sisi tuliokulia kwenye mpira wa miguu tukajikuta, Julai nzima, tukitoka msikitini Alfajiri tunakwenda moja kwa moja kiwanjani kurushiana kijipira kabla jua halijaanza kutukaanga. Wazee wakipita kando wanauliza kama hiyo ni kriketi imeharibika. Timu ukaiita Urojo, kama ule mchuzi wetu, kwa kuwa kila kitu kilitiwa humo: Waunguja, Wapemba, Hamed aliyezaliwa Bujumbura, na Nassor, daktari wa meno. Mimi ukanivisha glavu kubwa ukaniweka nichutame mbele yako, nidake unachorusha. Magoti yangu hayajakusamehe.

Ukaona hayo hayatoshi, ukaleta kadi. Ukatueleza kuwa huko kila mchezaji ana kadi yake, picha mbele, sifa nyuma, na watu huzikusanya. Za kwetu hazikuwa na sifa hata moja. Ya Nassor ukaandika, "Ameng'oa meno mengi kuliko mipira aliyoipiga." Ya Hamed, "Hajakosa mazoezi hata siku moja, isipokuwa siku za mazoezi." Yangu, ajabu, ulitaka kuiandika kistaarabu: "Khalfan, mdaka wa Urojo." Lakini fundi wa duka la kuchapisha kule Ruwi, maskini, Kiswahili hakijui, na mwandiko wako Mungu mwenyewe ndiye aliyekuwa akiusoma. Ile A ya mwisho ya "mdaka" akaiona U. Kadi zikatoka: "Khalfan, mdaku wa Urojo."

Nilikuomba zichapishwe upya. Nilikuomba kwa upole, kisha bila upole. Ukasema, "Hii haikukosewa, imefunuliwa." Mpaka leo watoto wa mtaani wananiita Ami Mdaku, na mke wangu akitaka habari za majirani ananisukuma dirishani, eti si ndiyo kazi yangu.

Ya kwako ndiyo iliyokuwa haichapishwi. Kila msimu tukikudai unajibu, "Mie ntapewa nkistaafu." Haya, umestaafu, tena bila taarifa. Sasa timu imeamua kadi yako itoke kabla ya mchezo wa kwanza wa msimu huu, na mzigo wa kuandika nyuma yake nikatwishwa mimi. Nikaandika kwamba nyumba yako ilipakana na kiwanja, na bado ulikuwa wa mwisho kufika. Nassor akakataa katakata. "Marehemu hasemwi, Khalfan. Hutajwa kwa mema yake." Sibishi, nami nilifunzwa hivyo hivyo kwenye chuo cha Kurani. Basi akaandika yeye, akatia na mstari mweusi pembeni: "Mpole, msikivu, mwenye subira. Hakuwahi kumuudhi mtu."

Hakuwahi! Niliisoma nikataka kuitupa kadi na Nassor pamoja nayo.

Tukaipeleka kwa mamako atuamulie. Bi Zuwena akavaa miwani, akaisoma taratibu, akaigeuza akaitazama picha, akaisoma tena. Kisha akamuuliza Nassor, "Kijana mzuri huyu. Mtoto wa nani?" Nassor akakosa pa kutia uso. Na mamako akacheka, Seif. Tangu siku ile ulipotoka nyumbani umebebwa hatujamsikia akicheka, akacheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya mtandio. Akasema, "Kulia nshalia. Mwanangu nnamjua mie, na huyu siye. Nirejesheeni wangu." Halafu akanigeukia mimi. "Andika weye. Weye ndo ulokuwa ukimtazama usoni."

Nilitoka pale nimekasirika, si naye, nawe. Maana ni kweli, mdaka anachutama akimtazama mrushaji usoni asubuhi nzima, hana pengine pa kutazama. Na mimi nilikutazama asubuhi ile ya mchezo wa mwisho. Mipira yako ilikuwa inafika kwenye glavu imechoka. Mara mbili uliuweka mkono kifuani, na jasho lako halikuwa la joto, kwa sababu sote tulikuwa na la joto na la kwako lilikuwa jingine. Nikakupigia kelele kuwa umezeeka, nenda kacheze keram na wazee barazani. Ukanijibu, "Kiungulia tu, mishkaki ya jana." Ukarusha. Nikadaka.

Siku ya tatu moyo wako ukasimama, tukakuzika. Baadaye mkeo akatwambia alichokikuta ndani ya gari lako, chini ya kiti: chupa za dawa ya kiungulia, zote tupu. Wiki ngapi hizo, Seif? Ulikuwa unamficha nani? Ulijua kunicheka mbele ya mji mzima, ukashindwa kunivuta pembeni ukaniambia neno moja. Mpaka leo sijui nikukasirikie wewe uliyenidanganya au nijikasirikie mimi niliyekuamini. Nakukasirikia wewe, ni rahisi zaidi.

Basi nimeandika. Mstari mweusi nimeuondoa. Nyuma ya kadi yako panasomeka hivi: "Seif, mrushaji wa Urojo. Alirusha kila aina ya mpira. Neno 'naumwa' lilimshinda kurusha." Nassor alisoma, akasema ipelekwe Ruwi kama ilivyo. Safari hii nilisimama juu ya kichwa cha fundi mpaka herufi ya mwisho. Mamako nilimpelekea ya kwanza kabisa. Aliishika kwa mikono miwili, akasema, "Ee, huyu wangu," akaichomeka kwenye kioo cha kabati, na chai akasahau kunipa.

Mwenyezi Mungu akusamehe, akupanulie kaburi lako, na mimi anisaidie nikusamehe, kwa sababu bado. Lala, ndugu yangu. Hasira zangu zisikutishe, ndizo nilizobaki nazo za kukukumbukia.

Na ahadi yangu ni hii. Tangu Ramadhani kuna kitu kinanibana upande wa kushoto nikipanda ngazi, na mke wangu nimekuwa nikimwambia ni gesi. Jumanne nina miadi hospitali. Wakiniuliza panauma wapi, nitawaonyesha kwa kidole.

Khalfan