Kwa Nini Shangazi Hafagii Tena Chuoni

Cochabamba, 4 Agosti

Dada Remedios,

Huku baridi imepungua, viazi vimepanda bei, na yule kuku wako mweusi bado hajachinjwa. Nami nimefaulu. Niite daktari wa sosholojia, ukipenda kucheka.

Najua Shangazi, mama yako, amekuambia kwenye simu kwamba ameacha kazi kwa ajili ya magoti. Magoti yake ni mazima.

Utafiti wangu ulihusu wafagiaji wa chuo chetu, wanaoajiriwa upya kila miezi mitatu ili wasidai haki za kudumu. Mkuu wa kitivo akaniita. "Binti, umaskini umejaa tele milimani. Umekosa pa kuuchimba mpaka uje ukumbini kwetu?" Kisha akataka fomu za niliowahoji, zenye majina niliyoapa kuyaficha, eti kwa ajili ya maadili ya utafiti. Niliogopa kunyimwa shahada, nikampa. Jina la Shangazi lilikuwa la kwanza. Wiki ile ile akaambiwa hana tena mkataba.

Sura yenye maneno yao waliikata kwenye tasnifu yangu, kisha siku ya kuitetea wakanipigia makofi.

Nilikwenda kumwomba radhi, nikamkuta anamenya viazi. "Umekula?" akauliza. Nikaangua kilio. "Nyamaza, mwanangu. Nilichosema kilikuwa kweli. Ila Remedios usimwambie, atatuma pesa asizo nazo."

Mimi nimekuambia.

Chuo kimenipa kazi ya kufundisha mbinu za utafiti. Jumatatu naanza na somo la kuwalinda wanaotuamini. Nimeikubali.

Nduguyo, kama bado unanitaka,
Yovana