Madaftari Mawili

Minnesota, 14 Septemba

Shangazi Earline,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Mimi mzima, ila baridi ya huku imewahi.

Nataka kurudi Mississippi. Profesa Halvorsen, anayetufundisha sheria, ananiita Delphine. Delphine Batiste ndiye mwanamke mwingine mweusi darasani. Tuko wawili kati ya themanini. Jana profesa aliniuliza swali gumu kwa jina hilo. Niliona haya kumsahihisha, nikajibu, tena vizuri. Alama akamwandikia Delphine.

Hatuongei naye. Siku ya kwanza kila mtu alidhani tutakuwa marafiki, basi tukakwepana.

Mwanao,
Lavinia

Greenwood, Mississippi, 22 Septemba

Mwanangu Lavinia,

Marahaba. Goti linalalamika, nami silisikilizi.

Miaka thelathini na mmoja nimenukuu maneno mahakamani. Siandiki hakimu alichokusudia, naandika alichosema. Kila profesa wako akikosea jina, msahihishe, kisha andika tarehe, swali na jibu lako. Halafu mtafute huyo Delphine. Kashata za pekani, njugu za kwetu, zimo kwenye kifurushi, za watu wawili.

Shangazi yako

Minnesota, 3 Novemba

Shangazi,

Shikamoo. Kashata zilifika zimevunjika, zikaliwa hivyo hivyo. Delphine alifungua mlango, akanitazama juu hadi chini.

"Umekuja kunirudishia jina langu?"

"Nimelitunza vizuri," nikamwambia. Akanipisha nipite.

Sasa tuko sita tunaosoma pamoja. Tunakutana kila Jumatano katika chumba cha kufulia cha bweni lake, maana kina joto. Rosalba Quintana wa mwaka wa pili analeta mihtasari ambayo wenzetu wamekuwa wakiachiana bila sisi kujua. Anayetazamia kuulizwa darasani kesho tunamhoji mpaka anune.

Halvorsen namsahihisha. Anaomba radhi, wiki inayofuata anarudia, na alama bado zinaandikwa kwa Delphine. Daftari langu lina makosa yake kumi na moja. Nisiporudishiwa alama hizo nafeli somo lake, na anayelifeli huondolewa chuoni. Lakini zikirudi kwangu zinatoka kwa Delphine, na mwenye alama za juu hupelekwa kwa jaji kujifunza kazi kiangazi. Delphine anaitaka sana nafasi hiyo. Sijamwonyesha daftari.

Mwanao,
Lavinia

Greenwood, 11 Novemba

Mwanangu,

Marahaba. Mimi sijambo.

Hujapewa kazi ya kumwamulia Delphine. Mwonyeshe.

Shangazi yako

Minnesota, 19 Januari

Shangazi Earline,

Shikamoo. Hatujaonana, lakini kashata zako nazijua. Naandika mimi kwa sababu Lavinia anaulizwa kesho, na wenzake wamemweka kati wanamhoji.

Aliponionyesha daftari nilimnunia siku tisa. Nami nilikuwa na langu: nimeitwa Lavinia mara nne. Tuliyapeleka yote mawili kwa mkuu wa shule ya sheria. Akauliza nani mlalamikaji. Lavinia alifungua kinywa, nikamtangulia.

"Ni mimi. Nina alama zisizo zangu."

Zimehamishwa wiki hii. Kwa jaji anakwenda mwingine. Rosalba ana orodha ya majaji wengine saba, nami nimeshawaandikia watatu.

Lavinia harudi huko. Tuko tisa sasa, kwa hiyo pima pekani kwa hesabu hiyo.

Mwanao,
Delphine Batiste

Jina nimeliandika lote, liingie kwenye kumbukumbu.