Mwiba Ndani ya Picha

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Likizo. Nilidhani nitasoma. Badala yake nimeamshwa na Mama. Si kilio hasa — ni ile sauti ya mtu aliyekanyaga kaa la moto na hataki majirani wajue. Anashuka kitandani, anaweka mguu wa kulia chini, anashika ukuta. Hatua ya kwanza, ya pili, ya tatu. Akifika mlangoni anatembea vizuri kiasi. Halafu anaenda hotelini kusukuma chapati, amesimama juu ya simiti mpaka jioni, na slipa zilizolika kisigino hadi zimebaki karatasi. Jioni anachechemea tena. Hii ni wiki ya sita.

Senge Lenah amefika kutoka Kabuchai. Ni dada ya Baba. (Baba yuko Lodwar kwa kazi, mwenye bahati.) Amekuja "kuona mgonjwa kidogo" na begi la nguo za mwezi mzima. Ameushika mguu wa Mama, ameufinya, ameunusa — ameunusa! — na ametoa hukumu: "Hii mguu imekanyagia." Yaani kuna mtu aliweka kitu langoni, Mama akapita juu yake. Amesema kwa uhakika wa mtu anayesoma saa ukutani. Senge hajui kusoma saa.

Nilitaka kuuliza: hicho kitu huamka asubuhi na kulala mchana? Sikuuliza. Nilimimina chai. Mimi ni bingwa wa kumimina chai.

Jumatano, 6 Agosti

Wataalamu wa wiki hii:

Mwenye hoteli — anasema ni unene. Mama si mnene. Yeye ndiye mnene.

Mpishi wa nyama — anasema upashe jiwe moto, ulikanyage. Mama amelikanyaga. Sasa ana maumivu na lengelenge.

Yule mtu wa kipaza sauti pale sokoni — ana dawa moja ya meno, mgongo, minyoo, nguvu za ndoa na visigino. Senge amenunua chupa mbili. Mguu wa Mama unanuka karafuu. Basi.

Wote hao wana midomo na wanaitumia. Mimi nimesoma vitabu vyote vya kabati la darasa la Form Three na sijawahi kumaliza sentensi mbele ya watu wanne.

Nilikwenda kwa Chesang. Ni rafiki yangu wa pekee, nyumba yao inatazamana na yetu katika ploti. Mama yake huuza maziwa ya kutoka Endebess na ana friza kubwa inayonguruma kama tingatinga. Tulisoma kwenye simu yake mambo ya visigino mpaka chaji ikaisha. Chesang akasema, "Si umwambie mathako aende apigwe picha? Picha haibishani na mtu."

Picha haibishani na mtu! Nimeipenda sentensi hiyo. Nimeiandika pia ndani ya jalada.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimesema! Tulikuwa tunaosha vyombo, mimi na Mama peke yetu. "Mama, eksirei ingeonyesha." Alinitazama kana kwamba sufuria ndiyo imeongea. Kisha akasema sawa, Jumanne ana ofu.

Senge amecheka. Ati hospitali ni ya malaria. Acha acheke. Nitapenda kuiona sura yake picha ikifika.

Jumanne, 12 Agosti

Picha imepigwa kliniki, miguu yote miwili kwenye karatasi moja nyeusi. Aliyetuhudumia ni kijana wa mazoezi ya viungo, anaitwa Kagwe. Ana ndevu saba. Lakini anaeleza kama kitabu kizuri.

Chini ya wayo kuna utepe mgumu unaotoka kwenye kisigino mpaka vidoleni. Ndio unaoshikilia upinde wa mguu. Mtu akisimama juu ya simiti kutwa na viatu visivyo na kitu chini, utepe unavutwa, unachubuka pale unaposhikana na mfupa. Usiku mguu umelegea, utepe unajikunja. Asubuhi unakanyaga — unavutwa ghafla. Ndiyo sababu hatua za kwanza ni mbaya kuliko zote.

Hivyo tu! Hakuna lango, hakuna adui.

Dawa: kabla ya kushuka kitandani avute vidole vya mguu kuelekea kwake, polepole, mara kumi. Aegemee ukuta, mguu mmoja nyuma, mpaka misuli ya nyuma ya mguu ivutike. Aviringishe chupa ya maji yaliyoganda chini ya wayo. Asitembee peku juu ya simiti. Avae viatu vyenye soli nene. Na avumilie — miezi sita, pengine mwaka.

Alionyesha mfupa mdogo ulioota kwenye kisigino, akasema kitu ambacho sikukisikia vizuri kwa sababu nilikuwa nafikiria sura ya Senge.

Nimempa Mama raba zangu za michezo. Zinamtosha sawasawa. Michezo yenyewe siipendi.

Jumatano, 13 Agosti

Mimi ni mjinga. Niandike mara moja ili nisisahau.

Senge ameitoa picha kwenye bahasha, ameiinua dirishani. Na kweli — chini ya mfupa wa kisigino kuna kitu kidogo cheupe chenye ncha, kimepinda kama mdomo wa kuku. Akapiga kelele. "Khane! Si huu hapa? Mwiba! Angalia ncha yake! Hata mashine ya wazungu imeuona!"

Mama akanigeukia. "Nabwile, yule kijana alisema hiki ni nini?"

"Ni mfupa," nikasema.

"Mfupa wenye ncha ndio unaitwa mwiba, mayi," akasema Senge, kwa upole kabisa, kama anayefundisha mtoto wa nasari.

Kufikia saa nne wanawake wote wa ploti walikuwa wamepita dirishani mwetu, mmoja mmoja. Wanakunja uso, wanasema "aaaa", wanaondoka wameridhika. Kabla ya picha alikuwa Senge peke yake. Sasa kuna ushahidi. Mimi ndiye niliyeuleta, ndani ya bahasha ya kaki.

Picha haibishani na mtu. Kweli kabisa. Inakubaliana na kila mpumbavu.

Ijumaa, 15 Agosti

Lakini asubuhi ya leo Mama hakushika ukuta! Amevuta vidole vyake kitandani, mara kumi, nikihesabu mimi. Amefika mlangoni bila ile sauti. Jioni anaviringisha chupa ya barafu chini ya mguu huku akichambua mboga. Raba zangu zimejaa unga wa ngano. Nilikuwa karibu kuimba.

Senge akauliza barafu inatoka wapi. Hatuna friji. Mama, bila kufikiri: kwa Mama Chesang, anatugandishia.

Senge akaweka kikombe chini.

"Mama Chesang ndiye hufagia hapa langoni kabla jua litoke?"

Ndiyo, ni yeye. Hufagia kwa sababu wateja wa maziwa huja mapema na hapendi uchafu. Kila mtu anajua.

"Nani hufagia njia ya watu alfajiri kama hana jambo? Anaweka mwiba, halafu anakuletea maji ya kuukuza! Na wewe unakanyaga!"

Mwiba unaokuzwa na barafu. Hata mahindi hayakubali hivyo. Niliandaa jibu zuri sana kichwani, lenye sehemu tatu. Kisha nikatoka kwenda kuanua nguo.

Jumapili, 17 Agosti

Baada ya ibada picha imezungushwa. Kanisani! Senge ameibeba ndani ya Biblia. Mzee mmoja wa kanisa ameitazama ikiwa juu chini na akauona mwiba hata hivyo. Mchungaji amesema Bwana huyafichua yaliyofichika. Wakaimba.

Tuliporudi, Mama Chesang alikuwa anasuuza mitungi. "Mama Nabwile, habari ya mguu?" Mama akatazama chini, akapita. Mama, ambaye alimkopesha huyu mwanamke kitanda mtoto wake alipozaliwa! Nilipita pia. Nyuma yake. Chesang alikuwa mlangoni, ameniona nikipita.

Chupa ya barafu imetupwa chooni. Senge ameibeba kwa kijiti.

Jumatano, 20 Agosti

Ukuta tena. Leo ukuta na kiti.

Senge amepanga kila kitu. Jumamosi wanaenda Kabuchai kwa Mzee Mukhisa, ambaye zamani alikuwa mtahiri na sasa mikono haina kazi, basi hutoa miiba. Anapasua kisigino kwa kile kisu, anauchimba, anafunga majani. Ati ni dakika chache. "Yule kijana wako anataka mwaka mzima. Mukhisa hata chai haipoi."

Mama akasema anaogopa. Senge akacheka mpaka akajifuta macho. "Vijana wa miaka kumi na nne wanasimama mbele yake hawapepesi jicho, wewe unalia kisigino!"

Nimemfuata Mama jikoni. Nikasema, kwa sauti ya mbu, kwamba Kagwe hakutaja kukata, kwamba kidonda cha pale hakiponi haraka, kwamba atashindwa kusimama kabisa. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Nabwile, nimechoka. Miezi sita ni ya watu wanaokaa."

Hakuna kitabu nilichosoma chenye jibu la hilo. Nimemdharau kwa wiki nzima, Mama yangu, na yeye alikuwa akihesabu chapati zilizobaki mbele ya mguu wake.

Ijumaa, 22 Agosti

Senge amekwenda kuagana na watu wa kanisa. Nimeichukua picha, nimeiinua dirishani, mimi mwenyewe, kwa mara ya kwanza tangu kliniki. Siku kumi ipo humu ndani! Siku kumi nimewacheka wanaoitazama, na mimi sijaitazama.

Miguu ni miwili. Wote tulikuwa tunatazama wa kulia.

Wa kushoto nao una mwiba. Ni mrefu kuliko wa kulia. Na mguu wa kushoto wa Mama haujawahi kuuma hata siku moja.

Sasa nimekumbuka maneno ya Kagwe ambayo sikuyasikia — niliyasikia, sikuyajali. Kwamba mfupa huo hata wasioumwa wanao. Kwamba si wenyewe unaouma. Alisema wazi. Mwanafunzi bora wa darasa alikuwa anafikiria sura ya shangazi yake.

Nitamwambia Mama leo jioni.

Baadaye: Senge alikuwa katikati yetu mezani. Sikusema. Nitasema kesho. Najichukia. Naenda nao, ninabeba picha. Mama atavaa raba.

Jumamosi, 23 Agosti. Kabuchai

Naandika nje, nyuma ya jiko la Mzee Mukhisa, nimekalia rundo la majani ya miwa.

Nilikuja na dharau yangu tayari, nimeikunja vizuri kama nguo ya Jumapili. Nilitarajia ngozi, manyoya, kibuyu. Ni mzee aliyevaa sweta ya shule iliyofifia. Miwani yake imefungwa na uzi. Amenawa mikono kwa sabuni mara mbili. Kisu chake kinachemka kwenye sufuria. Kliniki ilikuwa na nzi wengi kuliko hapa! Hiyo ndiyo inayonitisha — hakuna cha kucheka.

Amemkalisha Mama kwenye kigoda, akamvua raba ya kulia. Akauliza kama kuna picha. Nikampa. Akaiinua kwenye mwanga wa mlango. Senge akaonyesha kwa kidole: "Hapo, Mzee. Hapo."

"Naona," akasema.

Na mimi nikasema. Sauti ilitoka kama ya jogoo anayejifunza.

"Mguu wa kushoto pia uko nao."

Wote wakageuka.

"Ni mrefu kuliko huo. Na hauumi."

Mzee Mukhisa akapandisha miwani. Akatazama kushoto, akatazama kulia, akarudi kushoto. Alitazama kwa muda mrefu kuliko mtu yeyote aliyewahi kuitazama picha ile. Akamwuliza Mama, "Hii ingine inakuuma?"

"Hapana, Mzee."

"Hata asubuhi?"

"Haijawahi."

Akaweka picha chini. Nilijua nimeshinda. Nilijua hivyo kwa muda wa kumeza mate mara moja.

"Basi yule mwanamke aliweka miwili!" Senge amesimama. "Mungu ni mwema, tumeonyeshwa mapema! Akate yote, tumalize!"

Mzee akakuna kidevu. Akasema inaweza kuwa. Akatoka kuongeza maji kwenye sufuria, akarudi. Akamwambia Mama avue na raba ya kushoto.

Nilimleta Mama hapa na kisigino kimoja cha kukatwa. Nikafungua mdomo wangu — ikawa viwili.

Nilizichukua raba zote mbili na kukimbia nje. Sijui kwa nini. Zimo mapajani mwangu sasa. Sufuria naiona kutoka hapa, juu ya mafiga ya uani. Inaanza tena kutoa mvuke.

Nawasikia kupitia dirisha. Senge anaeleza habari za vijana na kutopepesa jicho.

Sasa Mama anaongea. Polepole.

"Lenah. Wewe kisigino kinakuuma?"

"Mimi? Hapana bana, mimi ni mzima."

"Na tukikupiga picha?"

Senge hajajibu. Senge Lenah! Naandika hili kwa sababu hakuna atakayeamini, hata mimi kesho: hajajibu.

Mzee Mukhisa ametoka, ananipita bila kunitazama, anainamia sufuria. Anakitoa kisu kwa koleo. Anakikung'uta maji.

"Nabwile!" Ni Mama. "Leta raba."

Senge anasema angoje kwanza, Mzee anakuja na vyombo.

"Nabwile. Raba. Zote mbili."

Nilizifunga kamba pamoja nilipokimbia, fundo halifunguki, nalivuta kwa meno, na Mzee amesimama kati yangu na mlango, kisu mkononi, anatazama raba, anatazama kisu chake — na anasogea kando, ananipisha.