Maelezo ya Zainabu

Marahaba, mjukuu wangu Saumu. Huku Mwembesongo tu wazima. Mjomba wako ameteremka kutoka Mgeta na njegere, na nyumba nzima tunamenya.

Unaniuliza uwajibu nini watu wanaolalamika kwamba wanakwama kwenye kurasa zako za mwongozo wa mfumo endeshi wa kompyuta, ilhali kila amri umeieleza.

Nilipoanza kazi kwenye chumba cha kompyuta cha chuo, aliyejua kuirudisha mitambo kazini umeme ukikatika alikuwa mwenzangu Zainabu peke yake, naye alikuwa mjamzito. Kabla ya likizo ya uzazi aliandika maelezo, akaniketisha mbele ya kompyuta, yeye akakaa kando.

"Usiniulize mimi," alisema. "Wewe soma tu."

Nikasoma, nikakwama. Nilidhani atanicheka. Yeye akachukua kalamu akauliza, "Neno gani limekukwamisha?" Nikamwonyesha, akalifuta, akaandika upya. Tulifanya hivyo mpaka jioni. Hakunisahihisha mimi hata mara moja, alisahihisha karatasi.

Wiki aliyojifungua umeme ulikatika, na wanafunzi walikuwa wanasubiri matokeo. Uliporudi nilifuata maneno yake moja baada ya jingine, na mitambo yote ikawaka.

Nilipokwenda kumpa hongera, kabla hata sijaketi aliniuliza, "Ulikwama wapi?"

"Sikukwama, dada."

Akacheka taratibu, akanipa mtoto nimpakate.

Ni mimi bibi yako,
Mwanaidi